Kalamu ya tete na uso wa mzee

Anayeanza kuchora uso wa mzee huyakimbilia makunyanzi. Huyapanga kwenye paji la uso, mengine pembeni ya macho, mengine kuzunguka mdomo, na akimaliza anakuta amepata kijana aliyechafuliwa kwa mistari. Makunyanzi ni habari ya mwisho. Uzee huanzia ndani, kwenye mfupa. Meno yaking'oka, taya hupungua, mdomo wa juu huingia ndani na kidevu huanza kuisogelea pua. Nyama ya mashavu huteremka, panja hubonyea, kope ya juu hulegea ikalifunika jicho nusu, na kuizunguka mboni hujitokeza duara la kijivu ambalo wengi hawalioni kwa sababu hawatazami kwa muda wa kutosha. Ngozi hufuata baadaye. Hukunjika pale tu inapobaki kubwa kuliko kilichomo.

Haya yote yanaonekana Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, asubuhi yoyote ya msimu wa mavuno. Bibi amekaa barazani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anapepeta mchele kwenye ungo. Macho yake hayana haja ya kuangalia, mikono inajua. Viungo vya vidole vimevimba, mishipa ya juu ya kiganja imetokeza, lakini ungo unazunguka bila kumwaga punje. Mchoraji akiyaona makunyanzi ya bibi huyu asione namna bega lake la kulia lilivyo juu kidogo kuliko la kushoto, amepoteza siku.

Ajabu ni kwamba kijiji hiki kimetazamwa kwa makini kuliko vijiji vingi vya Tanzania, ila si kwa sababu ya wazee wake. Tangu maabara ya Waswisi ilipofunguliwa Ifakara mwaka 1957, na hasa kuanzia miaka ya 1990, mbu wa Namawala wamekamatwa ndani ya nyumba, wamehesabiwa, wamepasuliwa chini ya hadubini na kuandikwa katika majarida ya sayansi yanayosomwa dunia nzima. Mtu anayefuatilia malaria huko London au Basel analijua jina la Namawala. Hakuna aliyekaa mbele ya uso wa babu wa hapa kwa subira ya namna ile aliyopewa mbu.

Watu waliowatazama wazee kwa subira hiyo, wakiwa na kipande cha chaki au unyoya wa bata bukini mkononi, ni Waholanzi.

Mwaka 1628 Rembrandt van Rijn alikuwa na umri wa miaka 22, bado yuko Leiden mjini kwao, jina lake halijavuma. Alichukua kipande cha shaba kisichozidi sentimita 7 kila upande, akakipaka nta, akakwangua juu yake kwa sindano uso wa mwanamke mzee, kisha akakitia kwenye tindikali ili mistari ile iume shaba. Tangu karne ya 17 mwanamke huyo ametajwa kuwa mama yake, Neeltgen. Chapa yenyewe unaweza kuifunika kwa kiganja. Ukiisogeza karibu na jicho, jambo la kwanza linalokushangaza ni uchache wa kazi: upande unaopigwa na mwanga, karatasi imeachwa karibu tupu. Shavu halina mstari wa kulizunguka. Kuna vijistari vifupi tu, vyembamba, vinavyopinda kidogo kila vinapofika mahali mfupa unapogeuka, na jicho lako ndilo linalojenga shavu lililobaki. Mdomo umefumbwa, na namna ulivyofumbwa inatosha kusema kwamba ndani hakuna meno. Hakuchora pengo. Alichora midomo inayotafuta pa kuegemea.

Ninachokihusudu hapo ni adabu ya kijana yule. Picha nyingi za Ulaya za kabla yake ziliwachukua wazee kwa dhihaka: ajuza mchawi, bahili anayehesabu sarafu, shaibu anayenunua mapenzi ya binti. Na sisi hatuna la kujisifu. Macho mekundu ya bibi, yaliyoiva kwa moshi wa kuni miaka na miaka, yamewaponza wanawake wazee wengi nchini mwetu, Kanda ya Ziwa hasa, walioambiwa kuwa wekundu ule ni ushahidi wa uchawi. Aliyekitazama kichwa cha bibi kwa saa mbili ili akichore hawezi kusema hivyo tena, maana ameshajua kila wekundu unatoka wapi.

Kuna na baba wa Rembrandt. Harmen Gerritszoon alikuwa msaga nafaka mjini Leiden, na alifariki mwaka 1630. Kazi hiyo tunaifahamu. Mtu wa mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara hutoka jioni nyusi zake zimejaa vumbi la pumba. Katika mchoro uliopo Jumba la Makumbusho la Ashmolean, Oxford, mzee amevaa kofia na vazi zito, kichwa kimeinama, macho yanaelekea kufumba, na jina lake limeandikwa chini. Wapo waliodhani alikuwa kipofu. Mimi naona mtu aliyechoka kutazamwa. Mchoro umefanywa kwa chaki nyekundu na nyeusi pamoja na wino wa kahawia uliotandazwa kwa brashi. Chaki nyekundu ni udongo wenye chuma, ndugu wa ngeu ambayo maseremala wetu walikuwa wakitilia alama mbao, na sifa yake kubwa ni kwamba haifutiki vizuri. Ukikosea, kosa linabaki. Kwa hiyo mkono hujifunza kugusa kidogo kwanza, halafu kusubiri, halafu kugusa tena. Rembrandt wa miaka hiyo alirudi mara nyingi kwa chaki hiyo kuchora wanaume wazee walioketi vitini, na ukizipanga picha hizo utaona anavyopunguza. Ndevu zinabaki mikwaruzo michache iliyolegea. Uzito wote unaenda kwenye magoti na mikono.

Mholanzi mwingine, Cornelis Visscher, alikwenda njia nyingine. Alitumia chaki nyeusi juu ya ngozi ya mnyama iliyokwanguliwa hadi ikawa laini, na juu ya ulaini huo chaki huteleza, inaweza kushuka kutoka weusi mzito hadi ukungu usioonekana ulipoanzia. Akachora wanawake wazee wenye kola nyeupe na mashavu mazito, hakuna mstari mkali hata mmoja. Alifariki mwaka 1658 hajafika miaka 30.

Kwa nini Waholanzi? Sababu moja ni soko. Kanisa la Kikalvini halikutaka picha za watakatifu ukutani, basi wachoraji wakawageukia wafanyabiashara, wachungaji, wake zao na wazazi wao. Zaidi ya hapo kulikuwa na wanunuzi wa vichwa visivyo na majina: uso wa mzee yeyote, ulionunuliwa kwa sababu umechorwa vizuri tu. Sababu nyingine ni mazoea ya kuandika umri. Kwenye picha nyingi za Kiholanzi utakuta pembeni mwaka na miaka ya aliyechorwa, na mtu anayelipia umri wake uandikwe hawezi kukasirika ukionekana usoni. Huku bondeni umri haukai kwenye tarakimu. Babu ataniambia kwamba alikuwa kijana wa kubeba mataruma Wachina walipojenga reli ya TAZARA, na mimi nipige hesabu mwenyewe: reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, basi babu ana miaka 70 na ushei. Mchoraji wa Namawala angeandika nini pembeni ya picha? Pengine angeandika tu: alibeba mataruma.

Afrika Mashariki haikukosa kabisa watu waliowatazama wazee.  Joy Adamson, kabla hajajulikana kwa simba wake, alizunguka Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 akichora mamia ya picha za watu wa makabila mbalimbali kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni. Wamo wazee wengi, na nyingi ya picha hizo zimehifadhiwa Nairobi. Ni kazi ya mkono hodari. Lakini jicho la Adamson linavutwa na shanga, ngozi, manyoya na hereni. Mzee anakuwa mtu wa kuonyesha vazi. Ukimvua, sijui kama ungemtambua. Kwa upande wetu, Sam Ntiro, Mchaga aliyefundisha Makerere, aliupenda mno umati wa kijiji: watu wakivuna, watu wakibeba, watu wakijenga, nyuso zao ndogo zisizo na habari. Mchoraji Tingatinga naye alikuwa na wanyama wake.

Uzee kwetu uko zaidi kwenye mti kuliko kwenye karatasi. Tazama vinyago vya mapiko vya Wamakonde, vile vinavyovaliwa kichwani kizima huku mchezaji akichungulia kupitia mdomo wa kinyago. Vimechongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, kwa sababu lazima mtu aweze kuruka navyo. Fundi anayetaka mzee hatumii makunyanzi mengi; anaushusha mdomo, anatoa meno, anayavuta mashavu chini, na wakati mwingine anabandika nywele za mtu kweli. Bibi huwekewa ndona, lile pambo la kutobolea mdomo, kwenye mdomo wa juu. Yule fundi na Rembrandt hawakuwahi kusikiana, lakini wote wawili wanaanzia tayani. Tofauti ni kwamba kinyago ni mzee wa wote, akicheza uwanjani watoto wanakimbia na kucheka, na hakuna anayeuliza ni babu wa nani. Mchoro wa Mholanzi unakulazimisha kuuliza.

Aliyeuliza swali hilo kwa ukaidi kuliko wote ni Vincent van Gogh, na hakulianzia kwenye alizeti. Mwaka 1882 aliishi Den Haag, hana kazi, analishwa na mdogo wake Theo, anajifunza kuchora watu. Modeli wake mkubwa alikuwa Adrianus Zuyderland, aliyezaliwa mwaka 1810, askari wa zamani wa vita vya Ubelgiji vya 1831, sasa mkazi wa nyumba ya wazee maskini ya kanisa. Wazee wa nyumba hiyo walivaa koti walilopewa, na katika baadhi ya michoro namba ya Zuyderland, 199, inaonekana kwenye mkono wa koti. (Makazi ya wazee tunayo nasi, Fungafunga ya Morogoro kwa mfano, na sijaona mchoraji akipiga foleni huko.) Van Gogh alimchora makumi ya mara: amevaa kofia ndefu, ameshika fimbo, anakunywa kahawa, amegeuza mgongo.

Vifaa vyake vilikuwa vya fundi ujenzi. Alitumia penseli ya seremala, ile bapa yenye risasi nene, ambayo Ifakara utaiona juu ya sikio la kila fundi. Karatasi yake ilikuwa nene na yenye mikwaruzo. Risasi ikikandamizwa sana hung'aa, na mng'ao huo huharibu kivuli, basi alimwagia mchoro maziwa yaliyochanganywa na maji, ukikauka unakuwa mweusi uliotulia. Hapo ndipo alipoweza kuweka chaki nyeusi juu yake. Napenda kuifikiria gharama ile: mtu asiye na uhakika wa mkate anamwagia karatasi maziwa ili koti la mzee lionekane zito inavyostahili.

Mnamo Novemba mwaka huo akamketisha Zuyderland kwenye kiti, viwiko juu ya magoti, ngumi mbili zimeubana uso. Uso hauonekani. Hakuna kunyanzi hata moja la kukusaidia, hakuna jicho la kulia, hakuna mdomo ulioingia ndani. Kuna upara, kuna mikono, kuna mgongo ulioinama, kuna viatu vilivyosimama sakafuni kwa ukaidi. Ni uzee mtupu, na anayejua kuchora atakwambia kazi yote imefanyika pale suruali inapokunjika nyuma ya goti: mikunjo ile mizito inaonyesha mguu mwembamba ndani ya nguo kubwa. Picha hiyo aliichora pia kwa chaki ya litografia ili ichapwe, na nakala chache zimebaki.

Miaka 6 baadaye, Agosti 1888, Van Gogh yuko Arles, kusini mwa Ufaransa, na modeli wake ni Patience Escalier, mzee aliyewahi kuchunga ng'ombe Camargue. Camargue ni tambarare ya maji ambako mto Rhône unaingia baharini. Leo hulimwa mpunga, ng'ombe bado wapo, na imo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu sawa na bonde la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002. Kwa hiyo Escalier ni mtu wa aina tunayoijua. Kilichonifanya niikazie macho picha hiyo ni kifaa. Van Gogh alikuwa amekata matete ya kule, akayachonga ncha, akayachovya kwenye wino. Alikuwa ameshajaribu Uholanzi, ila matete ya kwao hayakumridhisha. Rembrandt naye katika miaka ya 1650 aliiacha sana kalamu ya unyoya akashika tete. Na huku pwani, waandishi wa misahafu wa Siyu na Pate waliandika kwa kalamu za namna hiyo hiyo vizazi na vizazi.

Kilombero matete ni ya kujengea kuta na uzio. Hakuna anayeyafikiria kuwa kalamu. Chukua tete kavu lenye unene wa kidole kidogo, likate kwa mshazari, lichonge pande zote mbili, pasua ncha katikati kwa wembe. Lichovye. Utaigundua tabia yake katika mstari wa kwanza: linaanza na wino mwingi, zito na jeusi, na baada ya sentimita chache linakauka, mstari unakwaruza, unakatika. Halina akiba. Huwezi kuzunguka uso mzima kwa pumzi moja. Ni lazima uamue kabla ya kugusa karatasi mstari huu unaanzia wapi na unakufia wapi. Kwa shavu la kijana ni kifaa kibaya. Kwa mzee ni chenyewe. Mahali ngozi imekaza kwenye mfupa unaweka mwanzo wa mstari, wenye wino. Mahali nyama imelegea unauacha ukauke. Katika mchoro wa Escalier uliopo Harvard, kofia ya majani imejengwa kwa mapigo yanayofuata msuko wake, ndevu kwa vijistari vifupi, na uso umejaa nukta na mikwaruzo, yote ikilizunguka jicho linalokutazama bila kuomba chochote.

Nilimwonyesha babu mmoja wa Namawala picha hiyo kwenye simu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nini hicho?"

Akaipeleka simu mbali, akairudisha, akakunja jicho moja. "Huyu amechoka," akasema, "lakini haumwi." Vitabu vya sanaa nilivyosoma havijaniambia jambo zuri kuliko hilo kuhusu Patience Escalier. Kisha akauliza kilichokuwa moyoni mwake: "Walimlipa kukaa hapo?" Si swali la tamaa. Watu wa kijiji hiki wameshakaa mbele ya watafiti wa kutosha kujua kwamba muda wa mtu una bei. Nikamwambia wazee wa Den Haag walilipwa, kidogo, na kwa fedha alizotumiwa mchoraji na mdogo wake. Babu akatikisa kichwa, akaridhika na mdogo mtu kuliko na mchoraji.

Mei 1890, akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, Van Gogh aliichukua ile litografia ya Zuyderland akaipaka kwa rangi za mafuta: suruali na koti vya buluu, kiti cha manjano, moto pembeni. Picha hiyo iko Jumba la Kröller-Müller, Otterlo, nayo ndiyo inayochapwa kwenye kadi na majalada ya vitabu. Ni nzuri, lakini mimi siioni kuwa bora. Rangi ile imemfanya mzee kuwa huzuni. Buluu inapiga kelele kwa niaba yake kabla hujamwona. Mwaka 1890 Zuyderland hakuwa mbele ya mchoraji, alikuwa Uholanzi, hai bado, na alikuja kufariki 1897, miaka 7 baada ya aliyemchora. Mwaka 1882 alikuwa pale chumbani, analipwa, mgongo unamuuma, anasubiri kuambiwa ainuke, na penseli ya seremala ililazimika kumfuata alivyo: kisigino kimegusa wapi, kiwiko kimezama kiasi gani kwenye paja. Mchoro huo wa penseli na chaki nyeusi ndio ningeuchagua.